Gundi ni ya aina gani, na nani anachambua?

Mwandishi wa makala ya mbao za mitumba ameeleza vizuri jinsi nguo chakavu zinavyosagwa, zikachanganywa na gundi na kushindiliwa kuwa mbao za kuzuia kelele ukutani. Ila kuchambua nguo kabla ya kuzisaga kakupita juu juu, na ndiko kwenye kazi. Hapa Gikomba, soko la mitumba Nairobi, robota la nguo likifunguliwa, kamera, yaani zile nzuri kabisa, inanyakuliwa asubuhi. Fagia, yaani mabaki yasiyo na mnunuzi, ndiyo inaishia Mto Nairobi. Nguo nyingi humo ni pamba iliyofumwa pamoja na polyesta, uzi wa plastiki, na mkono hauwezi kuvitenganisha. Jeans za siku hizi nazo zimetiwa nyuzi zinazovutika kama raba! Na gundi yenyewe je? Ikiwa ya plastiki, ubao ukichakaa hauozi. Halafu anayeng'oa zipu na vifungo kutwa nzima, atalipwa kwa kilo au kwa siku? Mwandishi, hebu rudi utuulizie.