Kori za Napoleon: Mpangilio wa Jeshi au Kichwa cha Jemedari?

Kuna hoja mbili zinazoshindana kuhusu chanzo cha ushindi wa haraka alioupata Napoleon Bonaparte mwaka 1805 na 1806. Ya kwanza inasema kwamba Wafaransa walishinda kwa sababu jeshi lao lilikuwa limegawanywa katika kori, yaani majeshi madogo yenye kila kinachohitajika vitani, ilhali maadui wao walikuwa bado wanaliendesha jeshi zima kama kitu kimoja. Ya pili inasema kwamba kori ilikuwa chombo tu, na chombo hakifanyi kazi bila fundi: Napoleon alipokuwa mbali, au alipochelewa kuamua, kori hizo hizo zilipigwa. Kwa maoni yangu hoja ya kwanza ina nguvu katika mambo ya barabarani, kabla bunduki hazijaanza kulia, na hoja ya pili ina nguvu zaidi katika saa za mapigano yenyewe. Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatokana na siku mbili ambazo kori moja ilijikuta peke yake, yaani tarehe 14 Oktoba 1806 na tarehe 16 Juni 1815.

Jeshi la Ulaya la karne ya 18 lilipangwa upya karibu kila lilipotaka kupigana. Askari wa miguu waliwekwa katika mistari miwili mirefu, mmoja nyuma ya mwingine. Wapanda farasi wakawekwa pembeni, kulia na kushoto. Mizinga ikasambazwa mbele. Na majenerali wakapewa mabawa ya kusimamia kwa kufuata ukubwa wa cheo, hata kama hawakuwahi kufanya kazi na vikosi walivyokabidhiwa. Kulitoa jeshi barabarani na kulipanga uwanjani kulikula saa nyingi, na adui asiyetaka kupigana aliweza kuondoka wakati huo huo. Walioanza kulitafutia tatizo hilo ufumbuzi walikuwa Wafaransa, tena chini ya wafalme. Jemedari de Broglie aliligawa jeshi lake katika divisheni, yaani vikosi vikubwa vya maelfu ya askari, wakati wa Vita vya Miaka Saba (1756–1763), ofisa wa mizinga Gribeauval akarekebisha mizinga kuanzia mwaka 1765 ikawa myepesi kukokotwa, na ofisa mwandishi Guibert akachapisha mwaka 1772 maandishi yaliyotaka jeshi liwe jepesi na liwe na mwendo. Mapinduzi ya Ufaransa yakaongeza kile ambacho wafalme hawakuwa nacho, nacho ni wingi wa watu: amri ya tarehe 23 Agosti 1793 iliwaita vijana kwa nguvu ya taifa zima, na askari wapya wakachanganywa na wa zamani, batalioni moja ya jeshi la mfalme kwa batalioni mbili za waliojitolea. Moreau, jenerali mwingine wa Kifaransa, naye alikwisha kuzitumia kori upande wa Rhine mwaka 1800. Kwa hiyo anayemsifu Napoleon kuwa mbunifu wa mpangilio huu anamsifu isivyostahili. Alichofanya ni kuufanya uwe wa kudumu, wakati wa amani na wakati wa vita, na kuupa muda wa kuzoeleka.

Muda huo ulipatikana Boulogne, kwenye pwani inayoitazama Uingereza, ambako jeshi lililokusudiwa kuvuka bahari lilikaa kambini tangu mwaka 1803 hadi 1805 likifanya mazoezi. Hapo ndipo lilipozaliwa lile lililoitwa Jeshi Kuu, lenye kori saba, wapanda farasi wa akiba chini ya Marshali Murat, na walinzi wa Kaisari, yaani wa Napoleon mwenyewe. Kila kori ilikuwa na divisheni kadhaa za askari wa miguu, wapanda farasi wepesi wa kupeleleza, mizinga yake, wahandisi, matabibu na ofisi yake ya unadhimu, yaani ya kupanga na kuandika amri, na kwa kawaida iliongozwa na marshali aliyewajua makamanda wake kwa majina na kwa tabia. Ukubwa haukuwa sawa: kori ya Augereau ilikuwa na askari 14,000 hivi, ya Soult ilikaribia 40,000. Napoleon alimweleza Eugène de Beauharnais, mwanawe wa kambo, mwaka 1809 kwamba kori ya askari 25,000 hadi 30,000 inaweza kuachwa peke yake, kwa kuwa ikiongozwa vizuri itaweza kupigana au kukwepa mapigano mpaka msaada ufike.

Faida ya kwanza ya mpangilio huo ilikuwa barabara na chakula. Askari 200,000 hawawezi kupita njia moja wala kula katika wilaya moja, lakini kori saba katika njia saba zinaweza kutembea haraka, kila moja ikijitafutia chakula kwenye eneo lake, alimradi isiwe mbali na jirani yake zaidi ya mwendo wa siku moja au mbili. Mwishoni mwa Septemba 1805 kori hizo zilivuka mto Rhine. Wapanda farasi wa Murat wakajionyesha upande wa Msitu Mweusi ili Jenerali Mack wa Austria aendelee kuangalia magharibi, na jeshi lenyewe likazunguka kaskazini hadi mto Danube na kumtokea kwa nyuma. Mack alijisalimisha Ulm mwezi Oktoba pamoja na askari zaidi ya 20,000 bila vita vikubwa hata kimoja. Ni vigumu kuona jeshi la mtindo wa zamani likifanya hivyo, hata kama lingeongozwa na Napoleon huyo huyo. Vivyo hivyo Austerlitz, tarehe 2 Desemba, Napoleon alipowashinda Waaustria na Warusi, upande wa kulia wa Wafaransa ulishikiliwa kwa msaada wa divisheni ya Friant iliyotoka Vienna, umbali wa zaidi ya kilomita 100, kwa muda wa siku mbili hivi.

Chini ya ngazi ya kori tofauti zilikuwa ndogo kuliko inavyodhaniwa. Bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo ilikuwa na maana hadi umbali wa mita 100 hivi, ikapigwa mara mbili au tatu kwa dakika, kwa hiyo kila jeshi lililazimika kuwabananisha watu. Wafaransa walisimama katika mstari wa safu tatu, Waingereza wakazoea safu mbili. Wote walijipanga mraba, singe zikielekezwa nje, walipovamiwa na wapanda farasi. Kuanzia mwaka 1808 batalioni ya Kifaransa ilikuwa na kombania sita za watu 140, moja ikiwa ya magrenadia na moja ya wadunguaji wepesi waliotangulia mbele. Ubishi mrefu juu ya mstari mpana na msururu mnene, upi ulikuwa bora, umekula wino mwingi kuliko unavyostahili, kwa sababu kamanda mzuri alitumia yote miwili kulingana na ardhi na muda aliokuwa nao.

Turudi kwenye kori iliyoachwa peke yake. Tarehe 14 Oktoba 1806, Napoleon alipigana Jena akiamini kwamba mbele yake kulikuwa na jeshi kuu la Prussia, ufalme wa Kijerumani. Hapo kori zilifanya hasa kile zilichoundwa kufanya: Marshali Lannes alimpata adui tarehe 13 akamshikilia, na usiku ule na asubuhi iliyofuata walinzi wa Kaisari pamoja na kori za Soult, Augereau na Ney zikawa zinawasili. Lakini jeshi kuu la Prussia halikuwa Jena. Lilikuwa kaskazini, karibu na Auerstedt, na aliyekutana nalo katika ukungu ni Marshali Davout, mwenye askari 27,000 hivi, dhidi ya watu wapatao mara mbili yake. Divisheni ya Gudin ilifika kwanza kwenye kijiji cha Hassenhausen, ikajipanga miraba na kuwarudisha wapanda farasi wa Blücher, jenerali wa Prussia, mara kadhaa. Kisha Friant akaingia upande wa kulia, baadaye Morand upande wa kushoto, kila divisheni ikifika wakati ile iliyotangulia imeanza kuelemewa. Hadi alasiri Waprussia walikuwa wanarudi nyuma. Kori ya Davout ilipoteza askari 7,000 hivi, zaidi ya robo ya watu wake, lakini ilisimama na ikashinda, na Kaisari hakuwapo wala hakujua.

Kwa wenye hoja ya kwanza, habari inaishia hapo: mpangilio ulishinda bila fundi wake. Sidhani kwamba mambo ni mepesi hivyo. Brunswick, jemedari mkuu wa Prussia, alipigwa risasi ya uso mapema katika mapigano, na kuanzia hapo hakuna aliyeongoza upande wake kwa mkono mmoja. Askari wa akiba chini ya Kalckreuth hawakutumiwa ipasavyo. Wala si kweli kwamba Waprussia hawakuwa na mgawanyo wowote, kwani walikuwa wamejigawa katika divisheni zenye askari wa miguu, farasi na mizinga kabla tu ya vita, ila hawakuwa wamepata muda wa kuzizoea. Na zaidi ya yote yuko Bernadotte, marshali mwingine wa Napoleon. Kori yake ilikuwa karibu na Davout asubuhi ile, ikaelekea Dornburg kwa kufuata amri kama alivyozielewa, na siku nzima haikupigana Jena wala Auerstedt. Siku ile ile, katika jeshi lile lile, kori moja iliokoa vita na nyingine ilitembea tu. Mpangilio ulikuwa mmoja. Waliotofautiana ni makamanda.

Faida yenyewe haikudumu, na hapa hoja ya kwanza inapata shida kubwa zaidi, kwa sababu mpangilio unaweza kuigwa. Karl, ndugu wa Kaisari wa Austria, aliingia vita vya mwaka 1809 akiwa na kori zake, akamzuia Napoleon Aspern-Essling mwezi Mei. Warusi nao wakafuata njia hiyo kabla ya mwaka 1812, na Waprussia chini ya Scharnhorst na Gneisenau wakajenga upya jeshi lote, unadhimu wake ukiwa imara kuliko wa Wafaransa. Baada ya hapo vita vikubwa vikageuka kuwa vya kuchoshana. Wagram, Julai 1809, iliamuliwa kwa zaidi ya mizinga 100 iliyokusanywa mahali pamoja na kwa misongamano ya watu, na kila upande ulipoteza zaidi ya askari 30,000. Anayelinganisha Wagram na Ulm haoni kwamba Napoleon alikuwa amesahau kazi yake. Anaona adui ambaye naye sasa angeweza kuigawa nguvu yake na kuikusanya tena.

Mwaka 1813 maadui walikwenda mbali zaidi. Katika makubaliano ya Trachenberg, mwezi Julai, waliamua kumkwepa Napoleon mwenyewe na kuwashambulia marshali wake. Oudinot alipigwa Grossbeeren, Macdonald kwenye mto Katzbach, Vandamme akatekwa Kulm, na Ney akashindwa Dennewitz, yote hayo kati ya tarehe 23 Agosti na tarehe 6 Septemba. Kaisari alishinda Dresden, mahali alipokuwapo. Walioandaa mpango huo walijua udhaifu uko wapi, na mmoja wao alikuwa Bernadotte, sasa mrithi wa kiti cha Uswidi. Napoleon aliwafundisha marshali kutii maelekezo, hakuwafundisha kuongoza majeshi, na kule Hispania walikwisha kuonyesha kwamba wakiachwa wenyewe waligombana, kama walivyogombana Masséna na Ney. Jeshi lenyewe lilikuwa limekua kupita kiasi: kori ya Davout ya mwaka 1812 ilikuwa na divisheni tano na askari wapatao 70,000, ambao ni zaidi ya mara mbili ya kiwango alichokitaja Kaisari kwa Eugène, na nchi ya Urusi haikuweza kuwalisha.

Tarehe 16 Juni 1815 ndiyo inayoonyesha mpangilio huo ukishindwa ukiwa mikononi mwa mwenyewe. Napoleon alimkabili Blücher huko Ligny, Ney akamkabili Wellington, jemedari wa Waingereza, huko Quatre Bras, na kati yao ilikuwako kori ya d'Erlon, askari 20,000 hivi. Ilielekea kwa Ney, ikaitwa Ligny, ikatokea mahali pasipotarajiwa hadi Wafaransa wakadhani ni adui na shambulio la walinzi likacheleweshwa, kisha Ney akairudisha. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa yaliponyoka yote mawili: Blücher alishindwa lakini hakuangamizwa, na Wellington akaondoka akiwa na jeshi zima. Inasemwa mara nyingi kwamba kosa lilitokana na kukosekana kwa Berthier, mnadhimu mkuu wa miaka mingi, aliyefariki mapema mwezi ule, na nafasi yake kushikwa na Soult. Jambo hilo lina uzito, lakini mpangilio unaotegemea mtu mmoja wa kuandika amri na mmoja wa kuzitoa tayari umekubali nusu ya hoja ya pili.

Siku mbili baadaye, Marshali Grouchy aliyetumwa na askari 33,000 hivi kuwafuatilia Waprussia aliikuta Wavre kori moja tu, ya Thielmann, yenye watu wapatao nusu ya wake. Thielmann alishikilia vivuko vya mto Dyle mchana kutwa huku kori nyingine tatu za Prussia zikielekea Waterloo, Bülow akitangulia hadi Plancenoit. Alishindwa asubuhi ya tarehe 19, wakati ambapo Wafaransa walikuwa wamekwisha kupoteza vita usiku uliotangulia.