Gemu za PS2 kwenye kompyuta: rudisha mipangilio kwanza

Mtu akilalamika kwamba PCSX2, ile emuleta (programu ya kuigiza mashine nyingine) inayochezesha gemu za PS2, inakwama kwenye kompyuta yake, mimi humuuliza kwanza amebadilisha nini. Jibu huwa refu kuliko malalamiko. Kapunguza hiki, kaongeza kile, kawasha kitu alichokiona YouTube. Ukiitafuta video yenyewe unakuta ni ya enzi zile za kuchagua plagini (vipande vya programu vya kuongezea) ya picha, plagini ya sauti na plagini ya pedi. Plagini hizo zilishaondolewa. Toleo la 2.0 lilitoka Julai 2024, na mengi yanayofundishwa kwenye video hizo ama hayapo tena au programu inayafanya yenyewe. Kwa maoni yangu, ushauri uliopitwa na wakati unaharibu gemu nyingi kuliko kompyuta dhaifu.

Kompyuta dhaifu zipo, sikatai. Prosesa ya PS2 ilikuwa na kasi ya MHz 295 hivi na RAM ya MB 32, ndiyo maana mwenye laptopu ya GB 8 anashangaa inawezaje kushindwa. Inashindwa kwa sababu inalazimika kutafsiri kila amri ya mashine nyingine huku ikiigiza chipu kadhaa zilizokuwa zikifanya kazi kwa pamoja, na zote lazima ziende sambamba. Kazi hiyo inataka kiini (core) kimoja au viwili vya prosesa vyenye nguvu. Wingi wa viini hausaidii sana. Ndiyo maana desktopu ya mtumba iliyotoka ofisini, yenye Core i5 ya miaka kumi iliyopita, inaiacha mbali laptopu mpya ya Celeron ambayo bado ina nailoni ya dukani.

Lakini kabla ya kuihukumu mashine, rudisha mipangilio ya mwanzo, kisha soma namba za kasi zilizo kwenye kona ya skrini. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Televisheni zetu za Afrika Mashariki zilikuwa za PAL, mfumo wa picha wa televisheni, na gemu nyingi za PAL zinaenda kwa picha 50 kwa sekunde, wakati za Marekani na Japani zinaenda kwa karibu 60. Mtu anaona 50, anaamini amepunjwa 10, anaanza kuchezea EE Cycle Rate, mpangilio wa kasi ya prosesa ya PS2 inayoigizwa, mpaka gemu iliyokuwa nzima inagoma. Angalia asilimia. Ikisoma 100%, gemu iko kwenye kasi yake kamili. Ukiona picha inashtuka kidogo mpira unapovuka uwanja, hiyo ni skrini ya 60 Hz, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, inayopokea picha 50. Si ugonjwa wa prosesa.

Asilimia ikishuka hadi 70, sasa kuna kazi. Shusha Internal Resolution (ukubwa wa picha ambao emuleta inachora) hadi Native, yaani ule wa PS2 yenyewe. Kasi ikirudi, iliyokuwa imelemewa ni kadi ya picha. Ikibaki palepale 70, ni prosesa, na hapo hakikisha laptopu imechomekwa kwenye umeme, haiko kwenye hali ya kubana betri, na feni yake haijaziba vumbi. Na sauti ikikwaruza, usikimbilie mipangilio ya sauti: mara nyingi sauti inakatika kwa sababu gemu yenyewe inachelewa.

PS1 ina vituko vyake. Diski yake ikihifadhiwa kwenye kompyuta huwa ni mafaili mawili au zaidi, .bin na .cue. Lile la .cue ni maandishi tu, unaweza kulifungua kwa Notepad, na mstari wake wa kwanza unataja jina kamili la faili la .bin. Ukibadilisha jina la .bin ili lipendeze bila kugusa mstari huo, gemu haifunguki, na watu wanailaumu DuckStation, emuleta ya PS1. Jingine ni gemu kucheza vizuri lakini bila muziki. Gemu nyingi za PS1 ziliweka muziki kama nyimbo za CD ya kawaida, kwenye treki zinazofuata baada ya data. Ukifungua .bin ya kwanza peke yake umeuacha muziki nje. Fungua .cue.

Kuhusu BIOS, programu ya Sony iliyo ndani ya mashine na inayoiwasha, PCSX2 haiji nayo na haitakuja nayo. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, kwamba kuichambua BIOS ya PS1 ili kutengeneza emuleta kulikuwa ni matumizi halali. Hilo halikuifanya BIOS kuwa mali ya umma. Mwenye PS2 yake kabatini anaweza kuinyonya humo kwa programu ya biosdrain, na diski zake za DVD zinasomeka kwenye draivu ya kawaida ya kompyuta. Najua mtaani hali ikoje. Tumekulia kwenye mabanda ya gemu ambako kila PS2 ilitiwa chipu na Winning Eleven, ile gemu ya mpira, ilikuwa diski iliyoandikwa kwa kalamu. Ila zile flashi zinazouzwa zikiwa zimejazwa mamia ya gemu zina kasoro ya kiufundi pia: mafaili yaliyokatika, majina yaliyobadilishwa ovyo, na emuleta ya zamani ambayo mtu mwingine ameshaivuruga mipangilio. Unanunua matatizo ya mwenzako.

Mwisho, kuhifadhi. Save state, yaani emuleta kuhifadhi hali ya gemu papo hapo, ni tamu, unasimama popote unapotaka, lakini imefungamana na toleo la emuleta lililoitengeneza. Ukisasisha programu inaweza isifunguke. Ligi uliyoicheza miezi mitatu ihifadhi ndani ya gemu yenyewe, kwenye memori kadi, kisha nakili faili la kadi hiyo mahali pengine kabla hujasasisha.