Nimemlilia karatasi mbele ya uwanja mzima

Haya, naona ile klipu yangu ya kwenye maonyesho ya ndege imeshafika kila mahali, mpaka mama mkwe kaiona, sasa ngoja niseme kwa mdomo wangu mwenyewe maana yule jamaa yangu anaisambaza na maneno ya kuongezea. Kwanza kabisa SIJAZIMIA. Nilipiga magoti. Mtu aliyezimia hawezi kupiga kelele vile, hata kwenye klipu inasikika.

Chanzo cha yote ni ujuaji. Nyie mnanijua. Kwenye yale maonyesho ya ndege mimi ndo nilikuwa mwalimu wa kona yetu, nafundisha hadi wasioniuliza, ile yenye injini moja na mdomo wa kuvuta hewa chini ya tumbo ni F-16, imeanza kuruka 1974, ile kule sijui nini. Pembeni yangu kulikuwa na mzee na mjukuu wake, nikamshika mtoto nikampa somo zima, nikamwambia sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, sasa ndege ikija na mwendo unaokaribia huo, utaiona kwanza imekufikia, mlio unakuja nyuma, kwa hiyo usishtuke. Mtoto akaitikia kwa kichwa.

Ikaja. Chini, kimya kabisa, kama picha inateleza. Halafu mlio ukafika, na mimi mwenye somo nikajikuta nimechuchumaa nimemkumbatia mzee mguu. Mtoto kasimama wima anapiga makofi.

Kwa hiyo kabla hamjanihukumu mkumbuke hilo, moyo ulikuwa bado haujarudi mahali pake.

Basi ikaja C-130, lile dubwana la mizigo lenye injini nne za pangaboi, MC akatangaza kwamba makomandoo wa miavuli wako ndani na mlango wa nyuma umeshafunguliwa. Ikapita juu ya uwanja mara ya kwanza, kwa macho yangu kama mita 900 hivi kwenda juu. Watu wote shingo juu, simu juu. Na jamaa yangu simu juu, ila nadhani hata hapo alikuwa ameshaanza kunilenga mimi, ana roho hiyo.

Hapo ndipo kitu kikatoka kwenye ndege.

Kirefu, chekundu, kinajipinda. Nikasubiri mwavuli. Hakuna. Nikahesabu moja, mbili, tatu, kama wanavyohesabu wao. Hakuna mwavuli. Kitu kinapepea tu, kinajinyonganyonga, mara kinanyooka, mara kinajikunja, na kichwani mwangu pale sikuwa na wasiwasi hata kidogo kwamba yule ni binadamu, mwavuli umegoma kufunguka umebaki kama kamba juu yake (na hiyo hali ipo kweli, ndo maana wanabeba mwavuli wa akiba, sikuwa mjinga mia kwa mia).

Nikapiga ukunga. "HAUJAFUNGUKAAA! VUTA WA AKIBA! KAKA VUTA WA AKIBAAA!"

Jamani, niliita kaka. Mtu simjui, sijui hata kama ni mwanaume, nimeshampa undugu.

Sasa ukunga unaambukiza. Mama mmoja mbele yangu akamfumba mwanawe macho. Mzee akavua kofia taratibu, akaishika kifuani. Mwingine akaanza kuomba kwa sauti, na mimi kuona wenzangu wameamini nikazidi kuamini, maana hawa wote hawawezi kukosea (walikuwa wamenisikiliza mimi!!). Nikaruka kamba. Sijui nilikuwa naenda wapi. Kwenye klipu naonekana nakimbia mikono nimeitanua mbele, yaani kama kipa. Nilikuwa naenda KUDAKA. Mtu anaanguka kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa na mimi nataka nimdake kwa hii mikono ambayo hata funguo zikirushwa zinanipita.

Nikaishiwa pumzi, nikapiga magoti, nikalia.

Na hapa ndipo penye aibu yenyewe. Kitu hakifiki. Nalia, nainua macho, kiko palepale. Nalia tena, kimeshuka kidogo, kinapepea. Mtu akianguka kweli kutoka urefu ule anakuwa chini ndani ya sekunde 20 na kitu, na hizo hesabu nazijua, ndo vitu navyofundisha watu! Lakini mimi nimelia dakika ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia, nimeshamuombea marehemu, nimeshafika kwenye watoto wake watasomaje, na marehemu bado yuko juu anacheza na upepo bila haraka yoyote.

Spika zikakwaruza. MC, kwa sauti ya upole ile ya kuongea na mgonjwa: "Ndugu yetu mwenye fulana ya njano, tunaomba urudi nyuma ya kamba. Kile ni karatasi."

Kimya.

"Ka-ra-ta-si."

Kicheko kilichofuata, ile F-16 ikasome.

Kumbe wanachotanguliza ni utepe wa karatasi, mrefu kama mita 6, una kiuzito upande mmoja ili ushuke polepole kama mtu aliye kwenye mwavuli. Msimamizi wa kuruka anautupa juu ya alama halafu anaangalia upepo umeupeleka wapi, kama umeangukia mita 300 huku, wao wanaenda kurukia mita 300 kule upande wa pili ili upepo uwarudishe kwenye alama. Kitu cha akili sana. Na hiyo karatasi, naamini kwa chuki binafsi, ikaja kutua hatua kama kumi tu kutoka kwenye magoti yangu.

Yaliyofuata sina nguvu nayo. Askari akanirudisha kwenye kamba kanishika kiwiko, makomandoo wakaruka, moshi wa rangi miguuni, wakatua wote salama, mwishoni wanavuta mikono yote miwili chini mwavuli unashika breki, wanagusa ardhi kama mtu anashuka ngazi ya mwisho. Niliangalia kupitia bega la mzee. Mmoja wao akapita karibu na mwavuli wake begani, akaokota ule utepe, akaja kunikabidhi kwa mikono miwili. "Pole kwa msiba."

Yule mtoto akanivuta fulana. "Anko, si ulisema sauti inakuja nyuma? Mbona yako imetangulia?"

Utepe ninao, nimeukunja uko kabatini. Jamaa yangu kanipigia leo asubuhi kuuliza mazishi ni lini.