Sabufa, flashi na ubishi wa "mimi nasikia tofauti"

Msimu wa korosho ukichanganya huku Mtwara, pesa ikishawafikia watu wa Newala na Tandahimba, sabufa zinauzika sana mjini na ubishi nao unaanza. Wapo wanaosema nyimbo tunazowekewa kwenye flashi huko vibandani zimebanwa mpaka zimekonda, na mtu mwenye sikio la mziki analijua hilo palepale. Wengine wanajibu acheni hizo, tofauti ipo vichwani mwenu, mmeambiwa hii ya bei ndo maana mnaisikia tamu. Mi naona wote wana hoja za kweli kabisa, ila wanakosea pamoja sehemu moja, wanadhani sikio na ubongo ni wapinzani kwamba mmoja akisema kweli basi mwingine anadanganya.

Niwape kwanza nafasi wa "ipo kichwani", maana ushahidi wao ni mzito. MP3, ndo huo mfumo wa kubana nyimbo, ikiwa ya kilobiti 128 kwa sekunde (kilobiti ni kipimo cha wingi wa data) imebaki na kama sehemu moja tu kati ya kumi na moja ya data iliyopo kwenye CD ambayo ina kilobiti 1,411, na bado wimbo unausikia mzima. Waliotengeneza ule mfumo hawakukata ovyo. Walijua sauti kubwa ikipigwa inaifunika ndogo iliyo jirani nayo, yaani ipo hewani ila wewe huipati, sasa ya nini kuitunza? Wakaitupa. Au chukua simu. Laini za simu za kawaida tangu zamani zinapitisha kama hezi 300 mpaka 3,400 tu (hezi ni mitetemo kwa sekunde), wakati sauti ya mwanaume mzima msingi wake uko kama hezi 100, kwaiyo ule uzito wenyewe haufiki kabisa sikioni kwako, lakini mjomba akikupigia kutoka Masasi unamsikia na besi lake lote. Ubongo unaangalia zile sauti za juu zilivyopangana, unajua msingi ulitakiwa uwe wapi, unaujazia wenyewe.

Alafu kuna jaribio la Harry McGurk na John MacDonald, 1976, ambalo mi naliona zito kuliko yote. Unawekewa video mdomo unatamka "ga" huku sauti iliyopachikwa ni "ba", na watu wengi wanasikia "da", kitu ambacho hakipo kwenye sauti wala kwenye mdomo. Na hata ukishaambiwa siri yake bado unaisikia vilevile. Sasa kama jicho linaweza kubadilisha herufi sikioni, bei iliyobandikwa kwenye boksi la sabufa itashindwa nini? Na muuzaji akiipandisha ile ya bei ghali sauti kidogo tu, wengi hatusemi "hii ina kelele zaidi", tunasema "hii ni klia zaidi".

Lakini hapa ndo watu wa upande huo wanaharakisha kufunga kesi, wanasahau kwamba sikio lenyewe sio shimo la kupitishia sauti tu. Ndani kule kuna seli zenye vinywele kama 15,000 kila sikio, na zile za mistari ya nje kazi yake ni kukuza sauti dhaifu, zinajinyoosha na kujivuta zenyewe, mpaka mwaka 1978 David Kemp akapima sauti inayotoka sikioni kwenda nje. Tena ubongo una mishipa ya fahamu inayoshuka mpaka kwenye seli hizo, inazipunguza au inaziachia. Ukisikiliza kwa makini kuna kitu cha kweli kinabadilika, sio kujidanganya.

Na mazoezi nayo. Angalia wapiga ngoma wa Kimakonde wanavyoanika ngoma kwenye moto kabla ya shughuli, mzee anagonga, anasikiliza, anairudisha tena kidogo motoni, anagonga, mpaka ngozi ikae anapotaka. Mimi na wewe tutasema zote zilikuwa sawa tu. Huyo mzee hajaota, kajifunza miaka mingi kusikia ambacho sisi tunakipita. Na kwa bahati mbaya ngoma za namna hiyo ndo MP3 ikibanwa sana inaziharibu, kwa sababu mlio wa ghafla na mkali, wa kijiti kwenye ngozi au wa kayamba, unatanguliwa na ukungu fulani wa sauti kabla haujalia. Kwa kilobiti 128 mtu mzoefu anaushika. Kwa kilobiti 320 wengi wakipimwa bila kuona wanashindwa kutofautisha na CD.

Bila kuona, hapo ndo mimi nasimama. Anayesema anasikia tofauti simtukani wala simwamini bure, afunikwe macho, ukubwa wa sauti usawazishwe, mtu mwingine abadilishe bila kumwambia, arudie mara nyingi. Akipatia, ana sikio, aheshimiwe. Akishindwa, utamu aliousikia ulikuwa wa kweli kwake, ila asimwambie jirani akauze gunia la korosho anunue mtambo kama wake.

Ila kuna jambo linaniuma kuliko ubishi wote huu. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi kwanza, na ndo maana kwenye harusi ma-DJ wanapandisha, wanapandisha, wanatafuta besi ikae. Watafiti wa usalama kazini wa Marekani wanaweka mwisho desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa masaa 8, kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu, ukifika 100 umebakiwa na dakika 15, na mbele ya spika za harusini huwa inazidi hapo, na ndo wanapocheza watoto. Kuku seli zake za sikio zikifa zinaota upya, sisi hatuna bahati hiyo, zikienda zimeenda. DJ anayetaka besi ashushe sauti kuu, apandishe besi peke yake kwenye mixa, na spika aziinue juu ya vichwa vya watoto.