Ondoeni magata kwenye chemba za choo

"Maji ni maji tu. Yakishaingia kwenye bomba hayaulizwi yametoka wapi."

Maneno hayo nimeambiwa wiki hii na fundi bomba, hapahapa Ngamiani, jijini Tanga, akiwa ameshika bomba la inchi 4 anaunganisha gata, yaani mfereji wa maji ya mvua ya batini, la nyumba mpya kwenye chemba ya choo. Mwenye nyumba yuko pembeni anaitikia. Nimerudi nyumbani nina hasira ambayo mpaka leo haijaisha.

Basi tupige hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Bati la nyumba ya kawaida tuseme ni mita za mraba 100. Masika ikishusha milimita 50 kwa saa moja, bati hilo linamwaga lita 5,000, yaani simtanki 5 za lita elfu moja. Ndani ya nyumba hiyo wanaishi watu 6, na tukisema kila mmoja anatumia lita 80 kwa siku kwa kuoga, kufua na chooni, wote pamoja hawafikishi lita 500. Kwa hiyo bati peke yake, kwa saa moja, limeingiza kwenye bomba maji ambayo familia nzima ingeyatoa kwa siku 10! Nyumba 20 zikifanya hivyo kwenye mtaa mmoja, ni lita laki moja kwa saa, ndani ya bomba lililolazwa kwa ajili ya choo na bafu. Yatapita wapi?

Hayapiti. Yanarudi, na yanarudi kwa yule aliye chini kuliko wote. Kwanza tundu la bafu linakoroma. Kisha linatoa maji meusi yenye povu. Kisha unaona vinyesi vya watu usiowajua vinaelea kwenye sakafu uliyoipiga deki jioni. Masika iliyopita nimemkuta bibi mmoja, mpangaji wa chumba cha uani, anayachota kwa kopo alfajiri, kanga ameikunja magotini, mjukuu amemweka juu ya meza asikanyage. Nikampa pole. Akanijibu, "Mwanangu, mimi gata sina. Hata bati si langu."

Nani anamlipa huyu? Bili ya majitaka inafuata maji yaliyopita kwenye mita. Mvua haipiti kwenye mita, kwa hiyo aliyeunganisha gata halipi hata shilingi kwa zile lita 5,000. Gharama yote inaangukia chumba cha uani, inaangukia watoto wanaokanyaga maji hayo wakienda madrasa, na kipindupindu hakijawahi kutuomba ruhusa kuingia.

Halafu kuna hili la kufungua chemba. Dimbwi likijaa barabarani, vijana wanachukua nondo, wanainua mfuniko, na maji yanazama huku watu wanawashukuru. Nawaelewa, hakuna anayetaka maji yamfikie mlangoni. Lakini maji yale yanaingia na mchanga, na mifuko, na maganda ya madafu, na vyote hivyo vinalala chini ya bomba hata baada ya mvua kukatika. Ndiyo maana unaona chemba inafurika Januari, jua kali, halafu tunalalamika kwamba watu wametupa nguo chooni. Mafundi wa kuzibua wanaitwa, wanazibua, wanaondoka, na hakuna anayeuliza mchanga wote ule umeingiaje kwenye bomba la choo. Na mifuniko ya chuma inayoibwa kwenda kuuzwa chuma chakavu inatuletea balaa lilelile.

Mwenye nyumba yule aliniuliza, "Sasa wewe unataka nimwage wapi?" Sikulipenda swali, ila nakiri ni la haki. Mtaro wa mbele ya nyumba yake umejaa mchanga mpaka juu. Lakini simtanki ipo, na shimo la mawe la kunyonya maji linachimbika uani. Sikubali kwamba njia pekee ni kumtumia jirani yako mvua yako kupitia choo chake.

Wengine wananiambia hata London wamechanganya. Ni kweli, mabomba aliyoyajenga mhandisi Bazalgette karne ya 19 yalikusudiwa kubeba mvua na choo pamoja, na yalijengwa makubwa kwa sababu hiyo. Hata hivyo mvua ikizidi yalikuwa yanamwaga kwenye mto Thames, mpaka wakalazimika kuchimba handaki la kilomita 25 lililoanza kufanya kazi kikamilifu mwaka 2025. Sisi handaki hilo tutalichimba kwa fedha gani?

Mabomba ya zamani yenye viungo vilivyoachia nayo yananyonya maji ya ardhini wakati wa masika, na bahari ikijaa bamvua hali inakuwa mbaya zaidi. Hilo simbebeshi mwenye nyumba. Ni kazi ya wenye bomba.

Na jambo hili linazidi kuwa la haraka. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, waliingiza sokoni hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma ya maji safi. Nimefurahi, jiji linalihitaji hilo. Ila maji yakiingia mengi majumbani, yatatoka mengi vilevile, na nafasi ndani ya bomba tumeshaigawa kwa mabati.

Waliounganisha wanaweza kupatikana bila kuvunja ukuta wa mtu. Siku ya jua unapuliza moshi usio na madhara ndani ya chemba kwa feni, halafu unatembea mtaani ukiangalia juu. Gata likitoa moshi, umeshaijua nyumba. Mwenyewe apewe mwezi mmoja akate, akikaidi alipishwe, na fundi aliyeunganisha aitwe pia. Siku hiyohiyo wenye mtaro waje wazoe mchanga, maana kumfungia mtu chemba huku mtaro umeziba ni kumwonea. Ifanyike kabla ya vuli, waanze na mitaa ya chini.