Haikulipuka. Afadhali Ingelipuka

Haikulipuka. Naanza na hilo, maana kuna voisi inazunguka kwenye magrupu ya mtaa, ya rafiki yangu mmoja ambaye simtaji ila anajijua, anasema kompyuta ya jamaa imelipuka mbele ya baba mkwe na mzee kajificha nyuma ya kochi. Uongo mtupu. Mzee hakujificha popote. Mzee alikaa palepale juu ya kochi, katulia, ananiangalia mimi. Ingelipuka ningepata hata pa kukimbilia.

Mnaonifuata humu mnajua nilivyowasumbua na hii kompyuta ya sebuleni. Masharti yalikuwa mawili: iwe rahisi na iwe ndogo. Rahisi ni sharti la mfuko, ndogo ni sharti la mama watoto, ambaye alishasema hataki kuona kabati jingine chini ya tivii. Basi nikaenda kwenye Mini-ITX, zile mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) za sentimita 17 kwa 17, na kasha jembamba la kusimama pembeni ya tivii usilione. Kasha lenyewe halina pa kuweka pawa saplai ya kawaida, unatumia adapta ya nje kama ya laptop. Halina pa kuweka kadi ya picha pia. Hapo pa kadi ya picha pashikeni, tutakutana napo.

Nilipima kila kitu, wallahi. Nilichukua rula ya binti yangu ya shule nikapima feni ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na mfuniko wa kasha, nikaona inaingia na upenyo unabaki. Ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nikachukua mbili za giga 8, maana bodi hizi zina matundu mawili tu. Ukijaza na vijiramu vidogo leo, siku ukitaka kuongeza unavitoa vyote. SSD, diski ya kutunzia mafaili, niliichomoa kwenye laptop yangu ya zamani iliyokufa kioo, ina Windows yake humohumo. Mtu makini kabisa. Mtu wa rula.

Sasa prosesa. Nilikuwa nataka Core i3 ya kizazi cha 12, ile 12100. Nafika Kariakoo, muuzaji ananiwekea maboksi mawili mezani: 12100 na 12100F. Nasoma boksi hili, nasoma lile. Koa, yaani viini vya kufanyia kazi, nne huku, nne kule. Zinaingia kwenye bodi moja. Tofauti ni herufi F na kama elfu sitini hivi, tena yenye F ndiyo ya bei ya chini. Namuuliza muuzaji, yuko na simu mbili masikioni, ananijibu kwa nyusi kwamba zote moja.

Ndugu zangu, mtu uliyesoma Tanzania, ukaona matokeo yanabandikwa ukutani, herufi F ikikutokea popote duniani unatakiwa ukimbie. Mimi nikatoa hela nikalipia.

Na nilijisifu! Niliona 12100 inahesabiwa watt 60, hii ya kwangu watt 58. Nikamwambia mama watoto, unaona, hata LUKU nimekuokolea watt mbili.

Tuje Jumamosi. Baba mkwe kaja kutoka Morogoro, na jioni kuna mechi ya watani. Kifurushi cha king'amuzi kilishaisha na sikulipia, hela ilikwenda kwenye ramu. Nikamwambia mzee, "Baba, mambo ya ving'amuzi yamepitwa, leo utaangalia kwa kompyuta, kioo kizima." Adapta nilikuwa nimeipata mchana uleule, kwa hiyo hiyo kompyuta haijawahi kuwashwa hata mara moja. Yule wa voisi, na hapa nampa haki yake, alinishauri: iwashe kwanza mwenyewe chumbani. Nikamwambia hajui vitu, aje aone.

Akaja. Na mkewe. Na shemeji yangu mdogo anayesomea mambo ya benki. Watoto wa jirani wakajaa mlangoni.

Nikachomeka waya wa HDMI nyuma ya kompyuta. Tundu lipo, jipya, linang'aa, waya ukaingia *tk*. Mfuniko niliuacha wazi makusudi ili watu waone kazi ya mikono. Nikatoa hotuba fupi. Niliitoa kweli, hilo halijatiwa chumvi kwenye voisi. Nikasema teknolojia siku hizi si ukubwa. Nikabonyeza.

Feni ikazunguka. Taa za ramu zikawaka bluu, zikaja zambarau. Watoto wakasema "waaa!" Mzee akatikisa kichwa cha kukubali. Nakumbuka nilifurahi mno kwa sekunde kama tatu, na nadhani sitakaa nifurahi hivyo tena.

Tivii ikaandika: HAKUNA SIGNO.

"Inajiandaa," nikasema.

Tukangoja ijiandae. Nikabadilisha HDMI 1 kwenda HDMI 2. Nikarudi HDMI 1. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikaurudisha. Mke wa yule wa voisi akauliza kama rimoti ina betri. Nikageuza waya, upande wa tivii uje kwa kompyuta na wa kompyuta uende kwa tivii, na nyinyi mnaocheka hapo mmewahi kufanya hivyohivyo, msinidanganye.

Kwenye mazabodi kukawa na kitaa kidogo cheupe kinawaka bila kuzima, kando yake pameandikwa VGA. Mzee akakiona, maana mfuniko si nilishauacha wazi? Akauliza, "Na kile kitaa ni cha nini?"

Nikamjibu, kwa sauti ya mtaalamu, "Kile kinaonyesha kwamba picha iko njiani, baba."

Kitaa kile, nimekuja kusoma baadaye, kinawaka bodi inapokuambia kwamba picha hakuna. Mimi nikawa nakionyesha kwa kidole.

Mechi ikaanza. Sisi tumejuaje? Kwa kelele za mtaa. Sebuleni kwetu kimya, na kompyuta kimya, maana nilitafuta feni isiyopiga kelele na kwa hilo nilifaulu. Mama watoto akasema taratibu, "Si mngeangalia hata hapo kwenye simu yako?" Simu ndiyo yenye bando, iko pale inaigawia kompyuta intaneti ambayo kompyuta haijui ifanyie nini. Nikasema hapana, sasa hivi inawaka. Sijui nani alikuwa ananisemesha.

Nikazima. Nikachomoa ramu zote mbili, nikasugua meno yake kwa raba ya kufutia ya binti yangu, nikarudisha. Jasho linadondoka, naogopa lisidondokee ndani. Nikawasha. Feni. Bluu. Zambarau. Kitaa cheupe. HAKUNA SIGNO.

Ndipo mtaa mzima ukalipuka, "GOOOOO!"

Labda mlipuko wa kwenye voisi ni huo.

Sebuleni hakuna aliyepumua. Mzee akaangalia tivii nyeusi. Akaangalia dirishani. Akaniangalia mimi, nimepiga magoti na raba mkononi. Akauliza kwa upole, upole ule wa mtu anayefikiria alimpa nani binti yake: "Nani kafunga?"

Sikujua. Hakuna aliyejua.

Shemeji, yule wa benki, alikuwa kimya muda wote na simu yake. Akaniuliza, "Kaka, prosesa yako ni 12100 au 12100F?" Nikamwambia F, kwa fahari kidogo bado. Akasoma kwa sauti, mbele ya ukoo, kwamba zenye F zimezimwa sehemu ya picha. Kwamba tundu la HDMI nyuma linabaki pale kwa sababu bodi haijui itawekewa prosesa gani, lakini picha yenyewe inatoka ndani ya prosesa, na ya kwangu haina. Zile watt mbili nilizookoa, nahisi ndiyo yalikuwa macho.

"Sasa dawa yake?" mzee akauliza.

"Unaweka kadi ya picha," shemeji akasema.

Tukageuka wote kuangalia kile kikasha chembamba. Mwenye kasha kubwa huwa anaazima kadi kuukuu kwa jirani, anachomeka, maisha yanaendelea. Mimi nililipima na rula hadi pakakosekana pa kukosea.

Mzee akanyanyuka, akavaa kofia, akawaambia watoto wamwonyeshe kibanda umiza kilipo. Akafika mlangoni akageuka: "Na wewe twende, nitakulipia."

Nikaenda. Nilikaa benchi la mwisho. Nusu saa haikupita yule wa voisi alishaituma.

Mengine ni mafupi. Jumatatu nikarudi Kariakoo, dukani wakasema mali ikishafunguliwa hairudi, nikanunua 12100 isiyo na herufi, picha ikaja kwa mara ya kwanza kuwasha. Mzee alishaondoka. Nilimpigia video akaona, akasema hongera, akauliza kama zile taa za zambarau zinauzwa peke yake.

12100F ninayo hapa kwenye boksi lake na feni yake, haina mkwaruzo, imetumika kidogo sana na tena gizani. Bei tunaongea. Mwenye kasha kubwa na kadi yake ya picha anitafute inbox, na voisi za kucheka sizifungui.