Msiba usiokaliwa tanga

Mimba ikiharibika yenyewe, mwanamke wa Unguja au Pemba hupewa pole. Majirani huingia ndani, na huambiwa kitoto kile kitamwombea Akhera. Aliyeitoa mwenyewe hana wa kumpa pole. Nifasi, damu ya uzazi ambayo mwenye nayo hasali, inamhusu, kwani madhehebu ya Shafii, inayofuatwa na wengi visiwani, huihesabu damu ile kuwa nifasi. Na kukaa siku nyingi bila kusali, ndani ya nyumba ya watu wazima, hakufichiki.

Je, dini inamponya au inamtonesha? Wako wanaosema inamtonesha. Darsani anaisikia aya ya Suratul Israa inayokataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara. Anaisikia hadithi ya Ibn Mas'ud, sahaba wa Mtume, ambayo wanavyuoni wengi waliifahamu kuwa roho hupulizwa zikitimia siku 120, naye anaanza kuhesabu vidoleni. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa zamani, aliona kosa linaanza mapema, likizidi uzito mimba inavyokua. Amuulize nani? Kuuliza ni kujitaja. (Mwanamme, yeye hana anayemhesabia siku.)

Wengine husema dini ndiyo pekee iliyomwachia mlango. Suratuz Zumar, aya ya 53, inawakataza waliojidhulumu nafsi kukata tamaa na rehema za Mwenyezi Mungu, na toba haihitaji shahidi wala kuungama mbele ya sheikh. Kwa mwenye siri nzito, hilo si dogo.

Hofu ya baadhi ya masheikh ni kwamba faraja ikitangazwa, kosa litaonekana jepesi. Siidharau, ila naona inapiga pasipo. Wengi wanaotoa hukimbia aibu ya ukoo, hawakungoja fatwa. Sheria ya Zanzibar ya 1985 ilimfunga jela mwanamke asiye na mume akipata mimba. Mwaka 2005 ndipo kifungo kikabadilishwa kuwa kazi za jamii. Kutoa nako ni jinai, isipokuwa kuokoa maisha ya mama.

Si kila mmoja huhuzunika, tuseme kweli. Utafiti wa Turnaway wa Marekani, uliofuatilia wanawake kwa miaka 5, ulikuta wengi wa waliotoa mimba walihisi nafuu. Walioona jamii inawadharau ndio walioumia zaidi mwanzoni. Marekani si Wete ya Pemba, lakini hilo la dharau nalielewa.

Walimu wa kike wa madrasa wanafundisha hedhi na nifasi tangu zamani. Somo la toba wangeliweka papo hapo, bila kumuuliza yeyote alifanya nini.